Maji ya Kurudi: Jengo la Umma na Mtandao wa Joto na Baridi

 

Nitaanza na chupa ya chai. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba hapa Babati, upepo unaposhuka kutoka Mlima Kwaraa na ukungu bado umelala juu ya ziwa. Asubuhi ya baridi kama hiyo, katika hospitali ya mji mmoja wa kanda hii ambao sitautaja, nilisimama nje ya wodi ya wazazi pamoja na akina mama kama kumi, mashangazi na mabibi, wamejitanda khanga juu ya sweta. Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya chai mkononi, nami nilikuwa na yangu, maana dada yangu alikuwa amejifungua usiku ule. Chupa zile hazikuwa na chai. Yalikuwa maji ya moto ya kumkanda mzazi na kumwogeshea mtoto. Yalichemshwa nyumbani kwa mkaa, yakapanda bodaboda, yakafika yakiwa yamepoa nusu.

Hatua kama ishirini kutoka pale tulipokuwa tumesimama, ukutani, palikuwa na boksi la nje la kiyoyozi likinguruma. Nililisogelea ili nipate joto. Lilinipulizia hewa ya moto usoni, moto wa kukausha nguo. Lile lilikuwa joto la chumba kingine cha jengo lilelile, limetolewa kwa umeme uliolipiwa, na sasa linamwagwa uani. Na sisi tumekuja na maji ya moto kutoka nyumbani.

Yote nitakayosema jioni hii yamo ndani ya hatua zile ishirini.

Mtandao wa maji ya bomba tunaujua, na wa umeme tunaujua. Mtandao wa joto na baridi unafanana nayo kwa jambo moja: mtambo uko mahali pamoja, watumiaji wako wengi, kati yao yamefukiwa mabomba. Lakini una tofauti moja kubwa ambayo mtu akiishika ameshika nusu ya kazi. Mtandao huu kwa kawaida hauuzi maji. Maji yanakuja jengoni, yanaacha joto lake au yanabeba joto la jengo, kisha yanarudi yalikotoka. Ndiyo maana mabomba huwa mawili, la kwenda na la kurudi. Anayelipa halipii lita, analipia kilichoachwa au kilichobebwa njiani.

Waliokwenda kuhiji wameshawahi kukaa ndani ya jengo la namna hii, pengine bila kujua. Masjid al-Haram imejaa watu kwa maelfu, jua la Makka linawaka nje, na ndani kuna ubaridi. Baridi ile inatengenezwa nje ya msikiti, katika vituo kama cha Ajyad, mamia ya mita kutoka ulipo. Huko maji yanapozwa, yanapita chini ya ardhi, yanaingia msikitini, yanapoza hewa, yanarudi kituoni yakiwa yamebeba joto la watu. Abu Dhabi nako, Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed unapata baridi yake kutoka kampuni ya Tabreed, iliyoanzishwa mwaka 1998. Dubai wakawa na Empower mwaka 2003. Ghuba yote sasa imezoea jambo hili kama sisi tulivyozoea umeme wa Luku.

Mimi nilifika Ghuba kijana, fundi friji wa kujifunzia gereji, nikaajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akiunganisha majengo na mtandao wa baridi. Ruhusuni niwaingize katika chumba tulichokuwa tukifanyia kazi, kwa sababu mkikiona hicho mtaelewa mambo ambayo kitabu kizima hakiwezi kuyaeleza.

Ni chumba cha chini, hakina dirisha. Ukutani yanatokea mabomba mawili manene kuliko paja, yamevalishwa sponji nyeusi na juu yake bati jepesi la kung'aa. Pale sponji ilipochanika kidogo, bomba linatoa jasho, matone yanashuka sakafuni. Mabomba yanaingia kwenye kitu kinachofanana na kitabu kikubwa cha chuma kilichobanwa kwa boliti ndefu. Kurasa zake ni mabamba membamba yenye mikunjo kama ya bati la nyumba. Maji ya mtandao yanapita upande mmoja wa kila ukurasa, maji ya jengo yanapita upande wa pili. Hayagusani, hayachanganyiki, lakini joto linavuka. Hiki ndicho kibadilisha joto, na ndicho mpaka wa kisheria: upande ule ni mali ya mtandao, upande huu ni mali ya jengo. Bomba likipasuka ghorofa ya tano, maji ya mtandao hayamwagiki hata tone.

Kando yake ipo mita. Inapima vitu vitatu tu: maji mangapi yamepita, yameingia yakiwa na nyuzi ngapi, yametoka na nyuzi ngapi. Chukua lita 10 kwa sekunde. Yakiingia na nyuzi 6 na kutoka na nyuzi 14, yamebeba kilowati 336 za joto. Kwa lugha ya mafundi hizo ni kama tani 95. Neno hilo tani limetoka enzi za barafu: tani moja ya kupoza ni joto linaloyeyusha barafu ya kilo 907 kwa siku moja, nayo ni kilowati 3.5 hivi. Sasa maji yaleyale, lita zilezile, yakitoka na nyuzi 9 badala ya 14, yamebeba kilowati 126, tani 36. Pampu zimesukuma mzigo uleule, bomba limejaa vilevile, lakini karibu theluthi mbili ya kazi haikufanyika.

Hili lilitokea katika jengo moja la serikali tulilounganisha. Ghorofa za juu watu wanalalamika joto, wanafungua madirisha, na chini bili zinakuja na faini, maana mkataba ulisema maji yasirudi yakiwa baridi. Wenye jengo wakasema mtandao unawaibia. Wenye mtandao wakasema jengo ni bovu. Tulikaa usiku wa wiki mbili tukipanda ghorofa moja baada ya nyingine na tochi midomoni. Kiongozi wetu alikuwa mzee Mzanzibari aliyekulia Maskati, mtu wa maneno machache. Usiku wa kwanza alinishika mkono, akauweka juu ya bomba la kurudi. Lilikuwa baridi la kuumiza mifupa. Akaniambia: "Hili likiwa baridi, jengo halijala. Chakula kimepita mbele yake kikarudi jikoni."

Kilichokuwa kinazuia mlo ni valvu. Mfumo wa zamani wa jengo lile ulikuwa na valvu za midomo mitatu, ambazo chumba kikishapoa huyaruhusu maji yapite pembeni na kurudi moja kwa moja. Ulipokuwa na mtambo wako mwenyewe kwenye paa, haikudhuru sana. Ukiunganishwa na mtandao, ni kuurudishia mtandao maji ambayo hayajafanya kazi. Tulizing'oa zote, tukafunga za midomo miwili zinazojifunga kabisa. Tukaosha vichungio vya hewa vilivyojaa vumbi kama blanketi. Bomba la kurudi likapata uvuguvugu, na ghorofa za juu zikapoa kwa maji machache kuliko awali.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wanapofikiria kuunganisha jengo na mtandao wanafikiria mtaro: tuchimbe, tufukie, tufungue koki. Mtaro ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu imo ndani ya jengo, katika kulifanya lirudishe maji inavyotakiwa, na hiyo ni kazi ya mwenye jengo. Kama mwenye jengo ni halmashauri, basi ni kazi ya halmashauri, iwe na fundi wake anayejua kuweka mkono kwenye bomba.

Najua mtu ameshajiuliza: Ghuba wana fedha na wana joto la jangwani, sisi tuna nini? Basi tuondoke jangwani twende kwenye theluji.

Mwaka 1930 Iceland haikuwa nchi ya kitajiri. Reykjavík ulikuwa mji wa watu wasiofika elfu thelathini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya elfu tisini katika Halmashauri ya Mji wa Babati, kwa hiyo mtu asiseme sisi ni wadogo mno. Nyumba zao zilipashwa joto kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, na moshi ulifunika mji. Kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji, mahali paitwapo Laugardalur, palikuwa na chemchemi za maji moto. Wanawake walikuwa wakitembea hadi huko na mizigo ya nguo mgongoni kwenda kufua, kwenye baridi na giza la kule. Walifanya hivyo kwa vizazi. Mwaka 1930 mji ukalaza bomba kutoka chemchemi zile. Bomba lile halikuanzia kwenye nyumba za matajiri. Jengo la kwanza kupata joto lilikuwa shule ya msingi, Austurbæjarskóli, na katika mtandao ule mdogo zikawemo hospitali kuu, bwawa la kuogelea na nyumba kama sitini za watu. Leo nyumba tisa kati ya kumi za nchi ile zinapata joto la ardhini.

Kwa nini shule na hospitali kwanza? Si huruma peke yake, ingawa nayo ni sababu ya heshima. Anayejenga mtandao anahitaji mteja mmoja mkubwa asiyehama. Duka hufungwa, kiwanda hufilisika, hoteli hubadili mmiliki. Hospitali iko palepale baada ya miaka arobaini, inatumia usiku na mchana, na mkataba wake unasainiwa na mtu mmoja. Benki ikiona saini hiyo inakopesha. Bomba likishafika hospitalini, kuliongeza mita 200 hadi mahakamani si mradi mpya tena.

Wapo Watanzania na Wakenya walioliona bomba la Reykjavík kwa macho yao. Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kiliendesha huko mafunzo ya jotoardhi tangu mwaka 1979, na Wakenya ni miongoni mwa waliohudhuria kwa wingi zaidi. Matunda yake yako jirani: Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa kwanza wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Na hapohapo Naivasha ulijengwa mtandao wa joto ambao ni jirani yetu wa karibu kabisa. Shamba la maua la Oserian lilikodi kisima cha mvuke kutoka kampuni ya umeme ya KenGen, na tangu mwaka 2003 likawa linapasha joto mabanda ya waridi, hatimaye kufikia hekta 50. Usiku baridi ikishuka, unyevu hutua kwenye majani na ukungu wa magonjwa huingia. Maji ya moto yakapita katika mabomba kati ya matuta, hewa ikakauka, dawa za kupulizia zikapungua. Menengai, karibu na Nakuru, shirika la jotoardhi la Kenya, GDC, nalo lilijenga vituo vya majaribio: mvuke wa kisima unapasha maziwa, unafua nguo, unapasha bwawa la samaki. Kwa hiyo ujuzi wa jambo hili umeshafika Afrika Mashariki. Umefika kwa waridi na kwa sato. Naomba ufike kwa wazazi.

Turudi Babati. Watu wakisikia habari hizi huniuliza juu ya ziwa letu na juu ya Maji Moto, nami sitaki kuwadanganya.

Toronto, Kanada, tangu mwaka 2004 wanapoza majengo ya katikati ya mji kwa maji ya Ziwa Ontario, lakini wanayachota kwenye kina cha mita 83, ambako yana nyuzi 4 mwaka mzima. Ziwa Babati ni la kina kifupi, jua linalifikia, na viboko wetu wanatembea humo kwa miguu. Halina tabaka la baridi la kuchota. Tuliachie samaki, viboko na macho yetu. Ila anayepanga mtaro wa mabomba akumbuke mafuriko ya mwaka 1990 na aulize wazee maji yalifika wapi.

Maji Moto ya Manyara ni ya moto kweli, lakini chemchemi ziko ndani ya hifadhi ya taifa, na kutoka huko hadi hapa ni makumi ya kilomita, tena kupanda. Umbali peke yake si kizuizi: Iceland wanayo chemchemi ya Deildartunguhver ambayo bomba lake linafika Akranes, zaidi ya kilomita 60. Lakini ile inatoa lita 180 kila sekunde, karibu ya kuchemka, na miji mizima inanunua. Kwa chemchemi zetu bomba refu hivyo lingetufilisi. Tanzania tunayo kampuni ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, chini ya TANESCO, na maeneo yake kama Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya ndiyo yenye matumaini ya karibu. Kama siku moja watachimba upande wetu wa Bonde la Ufa, vizuri. Mimi sitaki wazazi wangoje siku hiyo.

Joto letu tunalo tayari. Ni lile linalopulizwa ukutani.

Hospitali ya mji kama huu inahitaji baridi na joto kwa wakati mmoja, mwaka mzima. Chumba cha upasuaji, maabara, stoo ya dawa na chumba cha maiti vinataka baridi. Wodi ya wazazi, jiko na dobi vinataka maji ya moto. Mashine ya kupoza haiumbi baridi, inahamisha joto tu kutoka ndani kwenda nje. Ukiweka mtambo mmoja wa kupoza maji, ambao mafundi tunauita chila, unaoondoa kilowati 100 za joto kutoka vyumba hivyo, ukatumia umeme kama kilowati 35, upande wa pili unatokea na kilowati 135 za joto. Badala ya kulipuliza uani, lipitishe kwenye maji. Lita elfu tatu na ushei kila saa zitapanda kutoka nyuzi 20 hadi 55. Juani, vipasha maji vya paa vitamalizia hadi 60, na hiyo 60 si anasa: maji ya vuguvugu yakikaa tangini huzaa bakteria wa Legionella, ambao huleta homa ya mapafu inayoweza kuua wagonjwa. Halafu lipo tangi la pili, la maji baridi. Usiku umeme ukiwa umetulia chila inalijaza, mchana umeme ukikatika jenereta inabeba pampu tu, na chumba cha upasuaji hakipati habari.

Huo ni mtambo wa hospitali. Unakuwa mtandao siku bomba linapotoka nje ya uzio. Ofisi za serikali zinafunga saa tisa na nusu, ukumbi unajaa jioni na Jumapili, hospitali hailali. Mahitaji yao hayafiki kilele kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtambo wa pamoja unakuwa mdogo kuliko jumla ya mitambo ambayo kila mmoja angejinunulia. Hapo ndipo fedha zinapookolewa. Na gesi ya kupozea, ambayo kila kiyoyozi cha ukutani kinavujisha kidogo kidogo hadi fundi aitwe kuongeza, inabaki ndani ya chumba kimoja penye macho ya mtu. Nchi za dunia zilikutana Kigali, Oktoba 2016, kukubaliana kuzipunguza gesi hizo kwa sababu zinapasha hewa ya dunia. Sisi bado tunazitundika ukutani kwa mamia.

Sisemi kila nyumba iunganishwe. Nyumba zetu za kuishi hapa Babati hazina haja hiyo, dirisha zuri na blanketi vinatosha. Zahanati iliyo peke yake kijijini iwekewe kipasha maji cha jua, basi. Mtandao ni wa majengo yaliyokaribiana na yenye njaa ya kudumu. Ukiniuliza Tanzania nzima, mahali panapofaa kuliko pote ni Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, ambako wizara zimepangwa jirani jirani katika eneo moja. Wanaokwenda huko kwa kazi kwa barabara ya Kondoa watazame kuta za nyuma za majengo ya ofisi popote wanapopita, wahesabu yale maboksi.

Kuna jambo moja la mkataba lazima niliseme, maana limeumiza majengo ya umma mengi. Bili ya mtandao huwa na sehemu mbili. Moja ni ya ulichotumia. Nyingine ni ya uwezo uliotengewa, nayo inalipwa hata usipotumia. Mhandisi mshauri mwenye woga hukadiria tani 200 pale panapotosha 120, na kila mwezi, kwa miaka ishirini, walipa kodi wanalipia tani 80 zisizokuwepo. Kwa hiyo jengo lipimwe kwanza. Mtu akae na kipimajoto msimu wa joto na msimu wa baridi, aandike. Paa lizibwe, madirisha ya magharibi yapate kivuli, kisha ndipo tani zihesabiwe. Mti mmoja mkubwa upande wa jua la jioni ni tani ambazo hakuna atakayewatoza.

Kwa wale wenye kalamu za kuidhinisha michoro, ombi langu ni dogo kuliko mnavyodhani. Mtandao haupo Babati leo. Lakini majengo ya umma yanajengwa leo, na zege likishamwagwa halirudi. Jengo lolote jipya la mkoa au la mji lenye wodi, maabara au ofisi nyingi liachiwe chumba cha chini chenye mita nne kwa sita na mlango unaofungukia barabarani, upana wa kuingiza mashine. Ndani ya kuta zake yapite mabomba ya maji badala ya matundu ya maboksi, na valvu ziwe za midomo miwili. Kwenye ukuta unaoelekea barabara yatokeze mabomba mawili, yazibwe kwa vifuniko vya chuma na kupakwa rangi, moja ya buluu na moja nyekundu. Na ndani, juu ya sinki la wodi ya wazazi, iwekwe koki ya maji ya moto.